Tarumbeta Lililopindwa Kushoto

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Siku mbaya. Nimeaibika mbele ya bendi nzima, na safari hii si kwa sababu nilipiga vibaya.

Jioni, mazoezini, Mashavu alikuja na tarumbeta jipya. Si la kununua dukani. La kuundiwa! Fundi wa mbali alimpima mdomo, mkono, mpaka shingo, kisha akakaa na kazi hiyo karibu mwaka mzima. Mashavu ndiye anayepiga tarumbeta la kwanza katika bendi yetu ya shaba. Mimi napiga la pili. Jina lake halisi hakuna anayelitumia. Akijaza pumzi utadhani ameficha machungwa mawili mdomoni.

Alipopuliza, Mwalimu wetu wa bendi alifumba macho kwa raha. Nikipiga mimi Mwalimu hafumbi macho. Hujikuna sikio na kuangalia saa.

Wivu ulinipanda mpaka kichwani. Nikasema, kwa upole kabisa, kwamba tarumbeta la kuundiwa ni mbwembwe tu. Kwamba la kawaida likipata fundi mzuri akalirekebisha, hakuna sikio litakalotofautisha. Sijui maneno hayo yalitoka wapi. Mashavu alicheka, akasema basi nirekebishe la kwangu tusikie. Mwalimu akadaka hapohapo. Alhamisi tutapimwa nyuma ya pazia, yeye akiwa ametupa mgongo. Atakayeshinda ndiye atakayepiga peke yake Jumamosi, siku ya kufunguliwa kwa soko jipya.

Nikasema sawa. Nilisema kwa sauti ya mtu mwenye mpango.

Sina mpango.

Tena kuna jambo dogo. Tarumbeta langu si langu hasa. Ni la baba mkwe. Alilipiga tangu ujana wake, halafu miaka michache iliyopita akaliacha ghafla. Alisema mdomo umemkataa, basi, hakueleza zaidi. Siku ya harusi yetu alinikabidhi mbele ya ukoo mzima, akaniambia hakunipa bomba la shaba, amenipa pumzi zake nimtunzie. Mke wangu alilia. Ameshanionya mara nyingi kwamba siku nikilikwaruza, nitalala kwa mama yangu.

Na Jumamosi baba mkwe anakuja. Anataka kulisikia.

Lakini kurekebisha si kukwaruza. Moyo wangu umetulia.

Jumanne, tarehe 5 Machi

Mpango umepatikana. Mzuri mno. Naona haya kidogo jinsi ulivyo mzuri.

Ikiwa siri ya tarumbeta la Mashavu iko katika vipimo, basi vipimo ndivyo ninavyovitaka. Nitalirekebisha la kwetu liwe sawasawa na la kwake. Kwa nini mtu asubiri mwaka mzima wakati jibu limekaa kiti cha jirani?

Mke wangu ni fundi cherehani. Asubuhi nilichukua futi yake na karatasi moja kubwa ya kukatia nguo, nikaikunja ndani ya shati. Nilitembea kama mtu aliyevunjika mbavu. Msimamizi wangu wa dukani aliniuliza kama ninaumwa. Nikasema kidogo. Akaniruhusu kukaa. Mipango mizuri huanza hivyo.

Mashavu amechumbia juzi juzi. Mchumba akipiga simu, yeye huacha kila kitu na kwenda kuzungumzia uani, na huko hana haraka. Leo simu ililia katikati ya mazoezi. Alinipa tarumbeta lake nimshikie. Mwenyewe! Kwa mkono wake!

Nikaenda chumba cha kuhifadhia ngoma. Nikatandika karatasi mezani, nikalilaza tarumbeta juu yake, nikalizungushia kalamu ya risasi kama mke wangu anavyochora mgongo wa gauni. Nikapima kila kitu. Na nikaona mambo. Pete ya kuingizia kidole kidogo ni pana kuliko ya kwetu, kidole changu kinaogelea ndani yake. Chini ya vali, vile vitufe vya kubonyeza, amewekewa vifuniko vizito, vinene kama nati za bomba la maji. Lakini kubwa kuliko yote ni hili: lile bomba jembamba linalobeba kipulizio, sehemu anayotia mdomo, halikunyooka. Kila nilipolilaza tarumbeta, upande wa mdomoni ulinyanyuka mezani kwa upana wa kidole. Limepinda kushoto. Makusudi!

Hapo ndipo nilipojua. Pumzi ikikata kona hupata nguvu. Ni kama maji ya bomba ukiyabana kwa kidole. Mashavu amekaa na siri hii kimya, na usoni anatabasamu.

Aliporudi alinishukuru kwa kumtunzia. Nikamwambia aende akazungumze wakati wowote.

Nyumbani mke wangu anaitafuta futi yake. Nikamsaidia kutafuta.

Jumatano, tarehe 6 Machi

Kazini asubuhi, mgongano na mteja. Duka letu ni la viatu, na mimi ndiye ninayepima miguu. Bwana mmoja alikuja na kiatu cha kaka yake, anataka cha namna ileile, saizi ileile, kwa sababu kaka yake hutembea vizuri. Nilimpa somo refu. Nilimweleza kwamba kiatu kizuri ni kile kilichoufuata mguu wako, si mguu wa ndugu yako, hata kama mlizaliwa pamoja. Akaniuliza mimi ni nani nimwamulie. Watu wengine hawafundishiki.

Mchana nikaomba ruhusa, ile ya mbavu bado inafanya kazi. Nikampelekea tarumbeta fundi wa rejeta za magari. Ndiye anayejua shaba kuliko wote mtaani, ingawa hajawahi kushika kitu kinachotoa sauti kwa makusudi. Nikamtandikia mchoro wangu. Akauliza tarumbeta ni la nani. Nikasema la familia, jambo ambalo ni kweli. Akauliza kwa nini apinde bomba lililonyooka vizuri. Nikamwambia ni elimu ya sauti. Akasema basi, yeye anapinda tu, sababu abaki nazo mwenye mali.

Alijaza mchanga ndani ya bomba ili lisikunjane, akalipasha moto, akalisukuma polepole kama mtu anayemgeuza mtoto aliyelala. Akakata pete ya zamani, akachomelea nyingine pana, ambayo naamini iliwahi kushika pazia. Chini ya vali akafunga nati za shaba. Kweli za bomba la maji.

Nililigeuza mkononi mara mbili kwa furaha. Limekuwa zito, la heshima. Limegeuza shingo pembeni kama mtu anayesikiliza habari za jirani.

Nyumbani nikalipuliza mara moja. Kwanza ulitoka mchanga. Kisha ikatoka sauti. Mke wangu akauliza kutoka jikoni ni kitu gani kimeanguka.

Nadhani shaba haijapoa vizuri.

Alhamisi, tarehe 7 Machi

Nimeshinda. Na nimekwisha. Yote mawili, jioni moja. Niandike kwa utaratibu.

Pazia lilifungwa. Mwalimu alikaa upande wa pili, mgongo kwetu, mikono juu ya magoti. Mashavu akapiga kwanza. Sitaki kusema alivyopiga. Mwalimu akasema huyo wa kwanza ni tarumbeta.

Nikapiga mimi. Nilijitahidi. Kipulizio kilikuwa kikinikimbia kwenye midomo, pete inacheza kidoleni, nati zinanivuta mkono chini. Nikikaza mdomo katikati, tarumbeta lenyewe linaelekea dirishani. Nilipomaliza, Mwalimu akaomba aliyekuwa anaburuta kiti aache ili mshindani wa pili aanze.

Bendi nzima ilicheka. Mimi nikasema tarumbeta halina kosa, bado halijazoea. Mashavu, kwa huruma au kwa dharau, bado sijaamua, akalichukua mkononi mwangu ajaribu. Mwalimu alikuwa bado ametupa mgongo. Hakujua lolote.

Jamani! Lilipiga! Lilitoa sauti tamu, iliyojaa, haina mkwaruzo wowote! Mwalimu akainua mkono, akasema huyo ni yule wa kwanza amepiga tena, hawezi kumchanganya na mtu mwingine.

Nikaruka. Nikafungua pazia. Nikamwambia Mwalimu kwamba hilo alilolisikia ndilo la kurekebishwa, na kwamba sikio lake mwenyewe limeshindwa kulitofautisha na la kuundiwa. Nilichosema Jumatatu kimethibitishwa mbele ya mashahidi! Mwalimu alikubali. Alisema kwa upande wa chombo nimeshinda. Alisema pia Jumamosi atapiga Mashavu, maana vyombo havijipigi.

Wakati huo Mashavu analigeuzageuza tarumbeta la baba mkwe. Analitazama bomba. Anaingiza kidole kwenye pete, kinakaa sawasawa. Akaniuliza taratibu nani amenipa vipimo vyake. Nikasema ni bahati. Akafungua mdomo, akainua mdomo wa juu kwa kidole, akanionyesha.

Hana jino. La mbele, upande wa kulia. Huwa halionekani kwa sababu ya mashavu.

Akanieleza kama anavyoelezwa mtoto. Kwa kuwa jino la kulia hana, kipulizio hakipati pa kuegemea upande huo, hivyo yeye hupulizia upande wa kushoto. Fundi wake alipinda bomba ili tarumbeta lipate kutazama mbele. Pete ni pana kwa sababu kidole chake ni kinene. Vifuniko ni vizito kwa sababu mkono wake mwepesi hurusharusha tarumbeta hewani. Pumzi kukata kona hakumo. Hakuna siri ya pumzi.

Basi nimechukua tarumbeta la baba mkwe, nikalivalisha mdomo wa Mashavu.

Keshokutwa mzee anakuja.

Ijumaa, tarehe 8 Machi

Nilikuwa kwa fundi wa rejeta kabla hajafungua. Nikamwomba alinyooshe. Akasema shaba si unga, huwezi kuukanda ukitaka na kuukandua ukitaka, lakini atajaribu. Alipolisukuma kidogo tu, bomba lilitoa mlio mdogo. Tk. Sote wawili tukaacha kupumua. Akaliweka chini taratibu, akasema akilisukuma tena litapasuka, na hapo hata elimu ya sauti haitasaidia.

Nikarudi dukani. Nimemuuzia mama mmoja viatu viwili vya mguu wa kulia. Alirudi. Sikumbuki nilimjibu nini.

Naogopa. Niseme ukweli, shajara hainisengenyi. Sikuogopa hivi hata siku nilipokwenda kuposa. Mzee yule aliniamini. Angeweza kumpa yeyote katika wanawe, akanipa mimi, mtu anayepiga tarumbeta la pili na kuangaliwa saa. Na mke wangu, ambaye hajui lolote, tangu jana anapiga pasi shati la baba yake na kuimba.

Nikafikiria kusema limeibwa. Lakini mzee angetaka twende tukaripoti, na mimi nikihojiwa hutaja hata yasiyoulizwa. Nikafikiria kulitumbukiza mtoni. Sina roho hiyo.

Mwishowe nimeamua hivi. Nimefunga mkono bandeji, nitasema nimebanwa na mlango. Mwenye mkono mbovu hapigi tarumbeta. Asiyepiga halitoi kwenye sanduku. Nimelifunga sanduku, na ufunguo nimeutupa kwenye tangi la maji la jengo letu, lile kubwa, ambalo hata fundi wa bomba hulikwepa. Nitasema umepotea. Sanduku halifunguki, mzee atakwenda zake na kumbukumbu zake nzuri.

Mpango hauna tundu.

Jumamosi, tarehe 9 Machi

Mpango ulikuwa na tundu. La ufunguo.

Baba mkwe alifika asubuhi, kanyooka, viatu vinang'aa. Nilimwamkia kwa heshima zote na kumwonyesha bandeji. Alisikitika. Akasema basi angalau alione tu tarumbeta lake, alishike. Nikamweleza kwa huzuni habari ya ufunguo. Akasema hakuna shida, mwanangu. Akatoa kwenye koti shada la funguo. Sanduku lilikuwa lake miaka yote hiyo. Bila shaka ana ufunguo wa pili. Mimi ni mjinga wa kiwango gani?

Akafungua.

Nilisikia maji yakichemka jikoni. Mke wangu alikuwa mlangoni na sinia, akaliona bomba lilivyogeuka, akanitazama. Niliyaona maisha yangu yote kwa mama. Kile chumba cha nyuma, kitanda chenye chemchemi moja iliyochomoza.

Mzee alipitisha kidole juu ya bomba. Akagusa nati, akazihesabu kwa kidole. Akaingiza kidole chake kidogo kwenye pete, kile ambacho viungo vyake vimevimba miaka hii mpaka hakinyooki. Kikaingia. Akakitoa, akakiingiza tena. Kisha akaliinua tarumbeta, na mkono wake, ambao siku hizi hutetemeka hata akishika kikombe, ulitulia chini ya uzito ule. Akaweka kipulizio mdomoni. Upande wa kushoto.

Akapuliza.

Sijui niandikeje. Mke wangu aliweka sinia sakafuni. Sauti ilijaa chumba, ikatoka dirishani, majirani wakachungulia. Aliipiga noti moja, akaishikilia, kisha nyingine, kama mtu anayeingia nyumba yake ya zamani na kuwasha taa chumba kwa chumba. Aliposhusha tarumbeta, machozi yalikuwa yanamtiririka na hayafuti.

Akakaa. Akasema aliacha kupiga siku alipong'oka jino. La mbele, upande wa kulia. Aliona aibu kusema kwamba jino moja limemshinda mwanamume mzima, ndiyo maana alisingizia mdomo. Kisha vidole vikavimba, kisha mkono ukaanza kutetemeka, akaona basi. Hajamwambia mtu, hata binti yake. Akaniuliza mimi nilijuaje.

Nikasema mtu huwa anaangalia.

Akanishika kichwa kwa mikono miwili kama mtoto wake wa kumzaa. Akasema alijua amempa binti yake mtu mwenye macho. Ahueni niliyoipata sijawahi kuipata maishani. Ningeweza kumbusu fundi wa rejeta.

Kwenye ufunguzi wa soko mzee alikaa kiti changu. Mwalimu alikubali mara alipomsikia akipasha mdomo. Mashavu alianza kipande cha kupiga peke yake, mzee akamjibu, Mashavu akageuka kumwangalia, akampa zamu, wakapokezana mpaka mwisho. Wachuuzi waliacha meza zao mpya. Mwalimu alifumba macho yote mawili. Walipomaliza, wale wawili walichekeana, kila mmoja na pengo lake mahali palepale, wakaelewana bila kuambiana neno. Mimi nilikuwa mbele yao nimeshikilia karatasi za nyimbo zisipeperuke, kwa mkono wenye bandeji. Nilikuwa na furaha. Kweli kabisa.

Njiani kurudi mke wangu alinishika mkono, ule mzima. Aliniambia polepole kwamba ameiona karatasi yake ya kukatia nguo chini ya godoro, ina mchoro wa tarumbeta na jina la Mashavu pembeni, kwa mwandiko wangu. Alisema ameamua hakuiona. Alisema pia futi yake iwe mezani kesho asubuhi.

Baba mkwe amerudi kwake na tarumbeta. Haki yake. Nimelibeba mwenyewe mpaka mlangoni, jepesi mno mkononi mwangu.

Jumatano, tarehe 20 Machi

Sikuandika siku nyingi. Sikuwa na tarumbeta, hivyo sikuwa na maadui.

Leo mambo yamebadilika. Mashavu alikuja dukani. Nilidhani anataka viatu vya harusi. Alitabasamu, nikaona kitu kigeni. Jino! Mchumba wake alikataa kupiga picha za harusi na pengo, akampeleka kwa daktari wa meno, akawekewa la bandia. Zuri, jeupe kuliko ndugu zake. Lakini tarumbeta lake la kuundiwa sasa halimtii. Kipulizio kinateleza, sauti inakwenda pembeni. Ameagiza jingine, fundi wake ameshampima upya. Na kwa kuwa mimi sina chombo, na kwa kuwa baba mkwe amekuwa rafiki yake mkubwa, ameniachia hili la zamani. Nilipige nitakavyo.

Tarumbeta la kuundiwa! Mikononi mwangu!

Nililijaribu mchana, ghalani, kati ya maboksi ya viatu. Lilitoa sauti ileile ya kiti. Msimamizi alikuja kuangalia. Mashavu mwenyewe aliniambia, kwa roho nzuri, nilipeleke kwa fundi wa rejeta alinyooshe kidogo, huenda shaba ya hili ni laini zaidi. Nilimshukuru. Lakini niliondoka nikitikisa kichwa. Kazi ya mwaka mzima, ya fundi mkubwa, mtu aitie nyundo? Chombo kama hiki hakina kosa. Hilo lilithibitishwa nyuma ya pazia, mbele ya mashahidi.

Kosa liko kwingine, na safari hii nimefanya hesabu zangu vizuri.

Jioni nilipita kwa daktari wa meno, yuleyule. Alinifungua mdomo, akanimulika, akanisifu. Akasema nina meno imara, yote kamili. Nikamwonyesha la mbele, upande wa kulia, nikamwambia tungoje nini. Akaniuliza linauma tangu lini. Nikasema haliumi. Akaniuliza basi tunaling'oa kwa nini.

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, narekebisha tu.